Maswali Yenu: Tamko la Unyanyasaji wa Kingono kwa Wanaoomba Kazi Vyuoni Marekani

Toleo lililopita tuligusia, kwa aya chache tu, sheria ya jimbo la Washington inayowataka wanaoomba kazi vyuoni watamke kwa maandishi kama kuna uamuzi wowote dhidi yao kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Barua zilizokuja baada ya hapo zimetuonyesha kwamba Waswahili wanaofundisha na kusoma kule ni wengi, na kwamba fomu hiyo inawatoa jasho hata wasio na la kuficha. Tunajibu baadhi yake hapa. Tunaposema Washington tuna maana ya jimbo lile la magharibi, sio mji mkuu.

*Naomba kazi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha Washington. Wamenitumia fomu ya tamko niisaini kabla hawajanipa barua ya ajira. Miaka minne iliyopita mwanafunzi alinilalamikia, uchunguzi ukafanyika, ikaonekana sikuvunja sera yoyote. Nikiandika "hapana" nitakuwa nimedanganya?* — Mhadhiri, Oregon

Hutakuwa umedanganya, Ndugu Mhadhiri, ila soma fomu mpaka chini. Inauliza mambo matatu, na wengi huishia la kwanza.

La kwanza ni kama umewahi kutolewa uamuzi uliothibitishwa, katika kazi ya sasa au ya zamani. Uamuzi wa namna hiyo huwa wa maandishi, hutolewa baada ya uchunguzi, na kipimo chake si kile kikali cha kesi ya jinai. Inatosha ushahidi uelemee upande wa "lilitendeka" kuliko upande wa "halikutendeka". Kama kulikuwa na rufaa, kinachohesabika ni kile kilichosimama baada ya rufaa. Malalamiko yaliyochunguzwa yakakosa mashiko hayamo.

La pili, kama unachunguzwa hivi sasa. La tatu, kama uliwahi kuacha kazi uchunguzi ukiwa bado haujafungwa.

Hilo la tatu ndilo linalowanasa watu. Mtu anajiambia, "Mimi nilijiuzulu kwa sababu ya familia," au "mkataba ulikuwa unaisha hata hivyo," anaandika hapana. Fomu haiulizi sababu ya kuondoka. Inauliza kama uliondoka huku faili likiwa wazi. Kwa hiyo chukua karatasi, andika tarehe tatu: siku uliyopokea barua ya kukuarifu kwamba unachunguzwa, siku uchunguzi ulipofungwa, na siku yako ya mwisho kazini. Kama ya mwisho imekuja baada ya hizo mbili, na hakuna uchunguzi mwingine, majibu yako yote matatu ni hapana. Ikiangukia katikati, jibu la tatu ni ndiyo, hata kama uchunguzi baadaye ulikusafisha. Nafasi ya maelezo imewekwa kwa ajili ya hilo.

Kuna kesi za katikati ambazo hatukuulizwa lakini tunajua zipo: malalamiko yaliyomalizwa kwa maridhiano, mhadhiri akahudhuria mafunzo, akakubali kuwapokea wanafunzi mlango ukiwa wazi, mambo yakaisha bila uamuzi kutolewa. Hapo hakuna uamuzi uliothibitishwa, wala huna haja ya kujitungia kosa. Ila hakikisha unayo barua iliyofunga shauri. Iombe ungali mfanyakazi pale. Ukishaondoka, anwani ya barua pepe ya chuo imefutwa na aliyelishughulikia shauri amehamia kwingine, kuipata ni kazi ya miezi.

Jambo la mwisho: kwa saini hiyo unawaruhusu pia waajiri wako, wa sasa na wa zamani, kutoa walicho nacho kuhusu suala hili, na unakubali kutowadai kwa kukitoa. Huko si kukiri lolote. Usiposaini, sheria inakikataza chuo kukuajiri, hata kama wewe ndiwe uliyeongoza katika usaili.

*Mimi niko California. Nilitolewa uamuzi Machi 2016 kwa maneno niliyomwambia mfanyakazi mwenzangu. Nimesikia kuna kikomo cha miaka saba. Je, nimeshatoka?* — Asiyetaka jina, California

Inategemea unaomba wapi. Wala si California dhidi ya majimbo mengine tu: hata ndani ya California fomu hazifanani.

Sheria iliyoanza kazi Januari 1, 2024 inahusu vyuo vya mfumo wa California State University na vyuo vya jamii (community colleges). Inamtaka anayeomba kazi ya kufundisha au ya utawala aeleze uamuzi wa mwisho, wa kiutawala au wa mahakama, uliotolewa ndani ya miaka saba kurudi nyuma tangu siku alipowasilisha maombi. Hesabu inaanza siku ya uamuzi. Watu hukosea hapa kwa kuhesabu tangu siku ya tukio. Tukio la 2016 linaweza kuwa na uamuzi wa 2019, na hiyo miaka mitatu inageuza jibu. Kwako uamuzi wenyewe ndio wa Machi 2016, kwa hiyo kwa fomu hiyo uko nje ya miaka saba. Hawaruhusiwi hata kukuuliza kabla ya kuthibitisha kwamba una sifa za chini za kazi, na kama mtu ana rufaa inayoendelea, fomu lazima impe nafasi ya kuitaja.

University of California ni mfumo mwingine. Matangazo yake ya kazi yanabeba swali lililo pana zaidi: haliishii kwenye unyanyasaji wa kingono, linagusa pia ubaguzi, kukosa uaminifu na mwenendo usio wa kimaadili. Pamoja na uamuzi wa miaka saba iliyopita, linauliza kama una tuhuma zinazoendelea na kama uliacha kazi ukiwa unachunguzwa. Lisome neno kwa neno.

Sasa pima hili: fomu ya Washington haina kikomo cha miaka. Inasema kazi yoyote ya sasa au ya zamani. Kwa uamuzi huohuo wa 2016, ukiomba chuo cha jamii kilicho California utaandika hapana, ukiomba Seattle utaandika ndiyo, na kote umesema kweli. Hatari ni ya mtu anayehifadhi jibu moja kwenye kompyuta na kulibandika kila mahali. Kinachomfukuzisha kazi baadaye mara nyingi huwa lile jibu lisilolingana na swali, kuliko uamuzi wenyewe wa zamani.

*Nafanya kazi idara ya utumishi ya chuo kidogo huku Washington. Tunawaandikia waajiri wa zamani kama tulivyoagizwa, lakini majibu ni "hatuna kitu" au kimya. Nina hofu tunatimiza karatasi tu. Tufanyeje?* — Ofisa Utumishi

Hofu yako ina msingi. Tamko la mwombaji peke yake ni dhaifu, kwa sababu anayeweza kumsumbua mwanafunzi anaweza pia kuandika hapana. Nguvu ya sheria hii iko kwenye sehemu ya pili. Tamko lilianza Oktoba 1, 2020. Kuanzia Julai 1, 2021 chuo kinachoajiri kinatakiwa kiviulize kwa maandishi vyuo alikofanya kazi mwombaji, sasa na zamani. Na swali zuri hujibiwa vizuri pale tu palipo na faili la kufungua.

Anzia kwenye orodha. Usitegemee wasifu anaouandika mwombaji mwenyewe, kwa kuwa watu hupunguza kazi za muda kuokoa nafasi. Mpe karatasi yake ya kuorodhesha kila chuo alikolipwa, hata muhula mmoja, hata darasa moja la jioni, kisha ilinganishe na wasifu na barua za wadhamini. Mdhamini anayeandika "nilifanya naye kazi" katika chuo ambacho hakimo kwenye orodha anakuonyesha pengo. Mwombe pia majina yote aliyowahi kutumia. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa au kuchukua uraia hataonekana kwenye kumbukumbu za zamani, nawe utajibiwa "hatuna kitu" kwa nia njema kabisa.

Kisha anwani. Barua hizi mara nyingi hutumwa kwa mkuu wa idara, kwa kuwa ndiye anayejulikana. Yeye huenda hajui, au ni rafiki wa mwombaji, au amefurahi kwamba mtu anaondoka. Itume idara ya utumishi. Lakini hapo napo kuna mtego, na tunadhani ndio unaozaa "hatuna kitu" nyingi unazozipata: katika vyuo vingi faili la uajiri liko ofisi moja, na faili la uchunguzi liko ofisi nyingine, ile inayosimamia Title IX, sheria ya shirikisho ya 1972 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Karani wa utumishi anafungua faili lake, haoni onyo wala adhabu, anaandika hakuna. Hajadanganya. Hakuulizwa atazame kwingine.

Kwa hiyo barua yenyewe iseme hivyo. Mtaiandika kwa Kiingereza, lakini maudhui yawe hivi: "Tunaomba mtutaarifu kama kuna uamuzi wowote uliothibitishwa wa mwenendo mbaya wa kingono dhidi ya mtajwa, kwa majina yote yaliyoorodheshwa, katika kipindi chote cha ajira yake kwenu. Tafadhali tafuteni katika kumbukumbu za idara ya utumishi na katika ofisi inayopokea malalamiko ya Title IX, kisha mtaje ofisi zilizotafutwa. Idhini yenye saini yake imeambatishwa." Ile sentensi ya kutaja ofisi zilizotafutwa ndiyo inayobadilisha jibu.

Kama mwombaji aliwahi kufundisha akiwa mwanafunzi wa uzamili, ongeza hatua moja. Kazi inayotolewa kwa sababu mtu ni mwanafunzi, kumbukumbu zake zinahesabiwa kuwa za mwanafunzi, na zinalindwa na FERPA, sheria ya shirikisho ya usiri wa kumbukumbu za wanafunzi. Idhini ya kawaida ya ajira inaweza kukataliwa. FERPA inataka idhini iliyosainiwa na kuandikwa tarehe, ikitaja kumbukumbu zipi zitolewe, kwa madhumuni gani, na kwa nani. Msainishe fomu hiyo mapema, siku ileile anaposaini tamko.

Majibu nayo hayana uzito mmoja. "Hakuna uamuzi uliothibitishwa" ni jibu. "Hatukupata kumbukumbu" ni jibu la nusu. Uliza wametafuta miaka ipi. "Sera yetu ni kuthibitisha cheo na tarehe za ajira tu" sio jibu kabisa, na utalipata sana kutoka majimbo mengine ambako sheria ya Washington haiwafungi. Hapo tuma tena, safari hii kwa ofisi ya wanasheria wa chuo kile, ukiambatisha idhini. Wanaogopa kushtakiwa, na ile sehemu ambayo mwombaji amekubali kutowadai ndiyo inayowapa nafuu. Kimya kikiendelea, andika kwenye faili tarehe za maombi yote mawili na amueni kwa kanuni mliyoiandika kabla hamjaona jina la mtu. Msimhesabie mwombaji kimya cha mwajiri wake kuwa kosa.

Yote haya yafanyike kwa aliyefika mwisho, kabla ya ofa rasmi. Waonye wakuu wa idara wanaopenda kupiga simu Ijumaa jioni na kusema "kazi ni yako". Mtu akishauza nyumba kwa simu hiyo, mmeingia kwenye mgogoro mwingine. Na kamati ya uteuzi haina haja ya kuyaona majibu haya. Yasomwe na mtu mmoja au wawili waliopewa jukumu hilo, yahifadhiwe mbali na alama za usaili.

Mwanya mkubwa kuliko yote ni walimu wa muda. Darasa limekosa mwalimu Jumatano, Jumatatu ameshaingia, na fomu inafuata baada ya wiki tatu. Dawa yake ni kusainisha na kuuliza mtu anapoingia kwenye orodha ya akiba, miezi kabla hajaitwa.

*Nilimshtaki mhadhiri wangu. Kabla uchunguzi haujaisha amejiuzulu, na nasikia anaomba kazi chuo kingine hukuhuku Washington. Shauri langu limekufa? Na likiendelea, jina langu litatumwa huko anakokwenda?* — Mwanafunzi, Washington

Pole sana, dada. Shauri halijafa. Sheria ya Washington inakitaka chuo kikamilishe uchunguzi hata kama mfanyakazi ameondoka, kwa hiari au kwa kulazimishwa, isipokuwa wewe mwenyewe uombe usiendelee. Yaani kujiuzulu kwake hakumpi njia ya kutokea. Uamuzi wa kuacha uko mikononi mwako. Andika barua pepe fupi kwa ofisi iliyopokea malalamiko, useme unataka uchunguzi ukamilishwe na uamuzi wa maandishi utolewe, na uwaombe wakujulishe kwa maandishi ukikamilika. Usimwachie ofisa akisie nia yako kutokana na ukimya. Mitihani inabana, mtu anachelewa kujibu barua mbili, faili linaandikwa "mlalamikaji hakuendelea."

Ni muhimu kwa sababu bila uamuzi wa maandishi, mwajiri wake mpya akiuliza kuhusu uamuzi uliothibitishwa, chuo chako hakitakuwa na cha kujibu. Kitabaki lile swali la tatu la fomu, ambalo ni yeye mwenyewe anayelijibu.

Kuhusu jina lako, sheria inataka taarifa zinazoweza kumtambulisha mlalamikaji na mashahidi zitunzwe kwa siri. Ila jina si kitambulisho pekee. Idara yenye wanafunzi wanne wa uzamili, ukisema "mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyesafiri naye kwenye utafiti", umeshamtaja. Waombe kabla wakuonyeshe namna watakavyofuta taarifa za namna hiyo nyaraka zikitoka.

Ukiletewa makubaliano ya kusaini, soma kifungu cha usiri kwanza. Washington imebatilisha vifungu vinavyozuia kutoa taarifa za mwenendo huu katika makubaliano yaliyosainiwa na vyuo baada ya Juni 11, 2020. Watu huchanganya hili na sheria ya shirikisho ya Desemba 2022 iitwayo Speak Out Act. Ile inagusa ahadi za usiri zilizosainiwa kabla ya mgogoro kuzuka, kama zile zinazofichwa ndani ya mkataba wa ajira. Makubaliano ya kumaliza mgogoro uliokwishazuka iliyaacha.

*Mtu ameadhibiwa, amejirekebisha, miaka imepita. Kumwandama kwa fomu kila anapoomba kazi si kifungo cha maisha?* — Msomaji, Illinois

Hoja hii tunaiheshimu. California iliweka kikomo cha miaka saba. Washington haikuweka, na kwa maoni yetu ingekuwa haki zaidi kama ingetofautisha maneno machafu yaliyosemwa mara moja na kumtaka mwanafunzi kingono ili apewe alama.

Hata hivyo, hakuna sheria kati ya hizi inayokataza kumwajiri aliyeandika ndiyo. Anayezuiwa Washington ni asiyesaini. Aliyesaini na kueleza anapimwa. Ndiyo maana maelezo yanastahili kuandikwa kwa makini: chuo, mwaka, sera iliyokutwa imevunjwa, adhabu iliyotolewa, ilivyotimizwa, na kilichofuata kazini tangu hapo. Nusu ukurasa unatosha. Ukianza kumshambulia mlalamikaji, msomaji wa faili ataacha kusoma kuhusu kosa la zamani na kuanza kukuwazia wewe wa leo. Usimtaje kwa jina pia.

Kinachotangulia sheria hizi kisisahaulike. Chuo kilikuwa kinamwacha mtu ajiuzulu kimyakimya, kinampa barua safi, naye anaanza upya mahali wasipomjua. Shule za msingi na sekondari ziliwahi kuchukua hatua mapema: Pennsylvania ilipitisha sheria yake ya aina hii mwaka 2014. Kwa vyuo vikuu, University of California, Davis ilianza mwaka 2018 kuwataka walioomba kazi za kudumu za uhadhiri wasaini idhini ya kuulizwa walikotoka, kabla jimbo halijaamuru.

*Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nitasaidia kufundisha Kiswahili mwaka wa kwanza. Nami nisaini?* — Mwanafunzi, Seattle

Ndiyo. Wanafunzi wanaofanya vibarua vya muda chuoni, kama kupanga vitabu maktaba, hawaguswi. Mwanafunzi wa uzamili atakayekuwa na mamlaka juu ya wanafunzi wengine anaguswa, na anayesahihisha mitihani yao ana mamlaka hayo.

*Waajiri wangu wote wa zamani wako nje ya Marekani. Hao nao wanahesabiwa?* — Mwombaji

Fomu ya Washington inasema kazi yoyote, haitaji nchi. Uamuzi wa kamati ya nidhamu wa nje ya Marekani unautangaza kama ungekuwa wa Marekani. Kwa upande wa kuulizwa, wape idara ya utumishi anwani ya ofisi ya msajili au ya utumishi kule, jina la cheo badala ya jina la mtu, na barua pepe inayofanya kazi. Waombe pia waitume idhini yako ikiwa na tafsiri kama ofisi ile haifanyi kazi kwa Kiingereza. Barua iliyotumwa anwani iliyokufa inahesabika kama kimya, na kimya ndicho kinachochelewesha barua yako ya ajira.